Jinsi ya kupika mtori wa mzazi, kama mama alivyonielekeza kwa simu

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yangu hakuja. Alitaka sana kuja, ila ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa na kule Marangu hakuwa na wa kumwachia. "Nikija Dar ng'ombe akazaa peke yake, maziwa ya mzazi wako yatatoka wapi?" aliniuliza, kana kwamba Dar es Salaam nzima haina maziwa. Akatuma kwa basi mkungu mzima wa ndizi mshare, kopo la siagi lililozungushiwa nailoni mara nne, na agizo moja: mzazi asikose mtori.

Mtori nilikuwa najua kuula tu. Kwetu mwanamume atachinja mbuzi, ataichoma, hata supu ataipika, lakini sufuria ya mtori ni ya mama, dada na shangazi. Kwa hiyo kwa majuma mawili simu ilikaa juu ya friji, sauti imefunguliwa, mama akiniongoza kutoka jikoni kwake huku nami nikiandika nyuma ya karatasi ya kalenda. Haya ndiyo maelekezo yake, pamoja na makosa yangu niliyoyafanya kabla sijamwelewa.

Kwa nini mzazi, kwa nini mtori

Mtori ni ndizi mbichi zilizoivishwa ndani ya supu ya nyama, kisha zikapondwa mpaka zikawa uji mzito. Mgahawani, Moshi, Arusha hata Dar, utaupata asubuhi pamoja na chapati. Nyumbani Uchagani una mwenyewe, naye ni mwanamke aliyetoka kujifungua.

Zamani mzazi alikaa ndani kiasi cha miezi mitatu. Halimi, hakati majani ya ng'ombe, habebi maji. Mama mkwe na majirani walimlisha mtori, maziwa, siagi, na mlaso, ile damu mbichi ya mnyama iliyochanganywa na maziwa au mafuta. Siku anayotoka hadharani watu walimtazama mashavu. "Akitoka amekonda," mama alisema, "aibu si yake. Ni ya nyumba iliyomwoa." Ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa ananipigia mara nne kwa siku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Hizo 84 zinakaribia kabisa miezi mitatu ya bibi zetu. Baba ametajiwa angalau siku 3. Siku tatu hazitoshi hata kujifunza kumenya ndizi.

Niseme na hili mapema, maana utaambiwa kwamba mtori "unaleta maziwa". Maziwa huletwa zaidi na mtoto kunyonya mara kwa mara. Kazi ya mtori ni kumpa mama nguvu kwa wanga wa ndizi, maji mengi kwa njia ya supu, na nyama ya kumsaidia kurudisha damu iliyopotea. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aendelee navyo. Na kama amejifungua kwa upasuaji, muulize muuguzi aanze kula lini na aanze na nini.

Mahitaji

Kipimo hiki kinatosha watu sita, au mzazi mmoja kutwa nzima na wewe ukaonja:

- ndizi mshare mbichi, kiasi cha kilo 2 zikiwa na maganda
- nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kilo 1
- kitunguu maji kimoja kikubwa
- punje 3 za kitunguu swaumu na kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba
- maji lita 3
- maziwa fresh kikombe 1, yawe yamechemshwa
- siagi vijiko 2 vikubwa
- chumvi, na limau moja

Umeona hakuna karoti, hoho, nazi, wala kiungo cha pakiti. Karoti wengine huweka, nami sigombani na mtu kwa ajili ya karoti. Tui la nazi kwenye mtori ni pishi jingine, tena tamu, lakini lina jina lake huko pwani. Pilipili kwa mzazi, mama hataki hata kuisikia.

Ndizi kwanza

Hapa ndipo mtori unapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapokosea. Ukienda sokoni ukasema "nataka ndizi za kupika," utapewa chochote kilichopo. Sema "mshare". Wengine huziita mchare au mshale, ni zilezile: nyembamba, ndefu kiasi, ganda jepesi. Dar es Salaam nazipata Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, ambako malori hushusha mikungu kutoka mikoani. Moshi mjini nenda Mbuyuni, au subiri siku ya gulio la karibu nawe.

Mshare unapendwa kwa sababu ukiiva kwenye maji hulainika wote, mpaka katikati, na ukipondwa hauachi chembechembe. Mkono wa tembo na mzuzu ni wakavu. Vichome au vikaange, lakini ukiviponda utapata kitu cha kukwama kooni. Ndizi bukoba za matoke zitakusaidia ukikosa kabisa, ila ongeza supu, maana hunywa maji kuliko mshare.

Angalia mambo matatu. Rangi iwe kijani mpaka ncha. Kingo za ndizi ziwe zimeanza kujaa, maana ndizi yenye kingo kali kama rula ni changa na mtori wake ni wa majimaji, hauna utamu. Kisha vunja ncha moja: utomvu ukitoka mweupe na kudondoka upesi, ndizi haijakaa sana tangu ikatwe. Muuzaji akikukatalia kuvunja ncha, hamia kwa jirani yake.

Bei huwa inapanda, na sababu mojawapo iko shambani. Mshare ni dhaifu mbele ya mnyauko fuzari, ugonjwa wa fangasi wanaokaa kwenye udongo miaka mingi. Mgomba unaanza kwa majani ya njano pembeni, shina linapasuka, unakufa. Mama amepoteza mashina ya kutosha upande wa chini wa kihamba, na sasa pale amepanda aina nyingine.

Kihamba, kwa asiyekijua, ni ile bustani inayozunguka nyumba ya Mchaga: migomba, kahawa chini yake, miti mirefu juu, mifereji ya maji, na ng'ombe zizini anayelishwa majani na mashina ya migomba, kisha samadi yake inarudi kwenye migomba ileile. Mfano wake mmoja, Shimbwe Juu, ulitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kwetu kuna jambo la ziada. Kitovu changu kilifukiwa chini ya mgomba wa mshare mbele ya jiko la bibi. Mgomba ule wenyewe ulishakatwa zamani, lakini machipukizi yake bado yanazaa, na mama aliapa kwamba mkungu niliotumiwa umetoka hapohapo. Sikuuliza ushahidi.

Kama umepata mkungu mzima, usirudie kosa langu la kwanza. Niliuacha kwenye stoo yenye joto, karibu na maembe. Siku ya nne nikakuta chana ya juu imeanza unjano, na ndizi moja ikianza kuiva huwaamsha wenzake. Tenganisha chana, zitundike au zipange sehemu yenye ubaridi na hewa, mbali na matunda yaliyoiva. Zenye dalili ya unjano zipike siku hiyohiyo au ziache ziive mle. Mtori wa ndizi iliyoanza kuiva unakuwa na utamu wa sukari usioendana na nyama.

Ukiwa Ulaya au Marekani, usinunue zile ndizi kubwa za kukaanga zinazouzwa kwenye maduka ya Waafrika na Wakaribi, maana zile ni ndugu wa mzuzu. Tafuta ndizi za kawaida za kula zikiwa bado mbichi na ngumu, kijani kabisa. Wataalamu wa vinasaba wamekuta kwamba ndizi hizo za biashara zina undugu wa karibu na mshare wetu, na sufuria inakubaliana nao.

Supu

Muombe mwenye bucha mifupa yenye uboho na kipande cha kidari au mbavu. Steki tupu haina supu. Osha nyama, weka kwenye sufuria kubwa na maji ya baridi lita 3, bandika bila mafuta. Ikianza kuchemka povu la kijivu litapanda juu. Liengue lote kwa upawa, kwa subira, kabla hujaweka kitu kingine. Hapo ndipo weka nusu ya kitunguu, swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, na chumvi kidogo tu, kwa sababu supu itapungua na chumvi itazidi yenyewe.

Funika, punguza moto, acha saa moja na nusu hadi mbili. Kwa sufuria ya presha, dakika 40. Nyama iwe inaachia mfupa ukiigusa. Toa nyama na mifupa, gonga uboho uangukie kwenye supu, kisha chuja supu yote. Usiruke kuchuja. Kipande cha mfupa kisichoonekana ndani ya uji mzito ni hatari, tena anayekula ni mtu mwenye usingizi saa nane za usiku.

Nyama ichambue vipande vidogo, iweke kando. Ya mama mzazi mimi huichambua nyuzi kabisa.

Kumenya, na habari ya utomvu

Vaa nguo usiyoipenda. Utomvu wa ndizi ukigusa shati utaona maji tu, ukilifua litatoka na madoa ya kahawia ambayo hayatoki tena. Nina shati la kazini lililogeuka la jikoni kwa njia hiyo.

Paka mafuta ya kupikia mikononi, mpaka katikati ya vidole, na kidogo kwenye kisu. Utomvu haushiki penye mafuta. Andaa beseni la maji, kamulia nusu limau. Kata ncha zote mbili za ndizi, chora mstari kwa kisu toka juu hadi chini bila kuzama kwenye nyama ya ndizi, kisha ingiza kidole gumba chini ya ganda na ulisukume pembeni. Ganda la mshare mbichi halichuniki kama la ndizi mbivu, linang'oka kwa vipande. Ndizi ikitoka, iparue kwa kisu kuondoa nyuzi zilizobaki, maana hizo ndizo zinazoleta rangi ya kijivu na uchungu kidogo. Iingize kwenye maji papo hapo. Ikikaa hewani inageuka nyeusi.

Ukimaliza, na hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana, zisuuze ndizi kwa maji mengine safi. Mtori wangu wa pili nilizimimina sufuriani pamoja na yale maji ya limau. Nilipoweka maziwa mwishoni yakakatika, mtori ukajaa chembe nyeupe kama mtindi uliomwagika. Mama alicheka mpaka nikamsikia anakaa chini.

Kuziivisha

Rudisha supu jikoni. Ikichemka, katakata ndizi vipande vya inchi moja na nusu, tumbukiza pamoja na nusu ya kitunguu iliyobaki. Supu izifunike na kupita juu kwa kidole kimoja. Kama imebaki nyingi, itoe uiweke pembeni ikiwa moto, utaihitaji. Funika, moto wa wastani, dakika 25 hadi 30.

Kuna wanaochemsha ndizi kwa maji matupu kwanza, wakamwaga maji, ndipo wakatia supu. Sababu yao ni kuondoa utomvu. Ukimenya na kuparua vizuri huna haja hiyo, na unachomwaga ni ladha.

Jaribu kwa kubana kipande kwenye ukuta wa sufuria kwa mwiko. Kikisagika bila ubishi, zimeiva. Kikigawanyika vipande vikavu, bado. Usiharakishe, kwa sababu ndizi isiyoiva haipondeki hata ukiwa na mikono ya mhunzi.

Kuponda

Epua. Ponda zikiwa za moto, usizisubirie zipoe, kwa kuwa ndizi ikipoa wanga wake unakaza na madonge hayavunjiki tena. Chota sehemu kubwa ya supu uiweke kando ili ndizi zibaki na maji machache. Sasa bana kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, zungusha, bana tena. Watu huanza kwa kukoroga katikati na ndiyo maana wanachoka. Donge likielea kwenye maji linakukimbia, likibanwa ukutani halina pa kwenda.

Mkono ukichoka tumia kipekecho, kile kijiti chenye matawi mwishoni unachokizungusha kati ya viganja. Blenda? Nimeitumia siku za kurudi kazini. Inafaa ukiiwasha kwa muda mfupi mfupi, mara tatu nne basi. Ukiiacha izunguke wanga unavutika kama gundi na mtori unanata kwenye kijiko. Nilipomwambia mama nimetumia blenda alinyamaza kidogo, kisha akauliza hali ya mtoto.

Dakika 10 za kuponda zinatosha. Mtori wa mzazi uwe laini kabisa. Wa wengine hauhitaji kuwa hivyo, na mimi napenda kukutana na kipande kimoja kimoja.

Kuunga pamoja

Rudisha sufuria kwenye moto mdogo kabisa. Ongeza ile supu ya pembeni upawa mmoja mmoja huku unakoroga mpaka chini, maana mtori unashika chini upesi na harufu ya kuungua hupanda kwenye sufuria nzima. Jihadhari, ukianza kutokota hutoa mapovu mazito yanayopasuka na kurusha matone ya moto. Shika mwiko mrefu, kaa mbali kidogo.

Rudisha nyama. Baada ya dakika 5, punguza moto zaidi, mimina maziwa yakiwa na uvuguvugu, si ya baridi kutoka kwenye friji, ukikoroga. Dakika 3 nyingine, epua, ndipo utie siagi. Siagi ya kienyeji ina uchachu na harufu yake, na ukiichemsha unaipoteza. Kama huna, ya dukani isiyo na chumvi itafaa. Onja chumvi sasa.

Uzito wake upime hivi: chovya upawa, ugeuze mgongo. Mtori uufunike mgongo wa upawa na kuteremka polepole. Ukining'inia kama ugali, ongeza supu. Na kwa kuwa unaendelea kukaza kadiri unavyopoa, uepue ukiwa mwepesi kuliko unavyoutaka mezani.

Bakuli la mzazi

Wa kwanza kupakuliwa ni mzazi, na anapakuliwa juu, penye siagi. Wengine wote nyumbani wanasubiri, hata baba mwenye nyumba, hata mgeni aliyekuja na zawadi ya kuku. Kwetu hili halina mjadala. Dada zangu walipokuja kumwona mtoto, walifunua sufuria kabla ya kumfunua mtoto.

Mpe kidogo kidogo mara nyingi, kikombe kimoja kila baada ya saa tatu nne, kuliko bakuli moja kubwa atakalolitazama kwa huzuni. Siku mbili za mwanzo mke wangu alikula vijiko sita tu. Siku ya tatu, usiku, niliamka nikakuta yuko jikoni gizani, mtoto begani, anakula moja kwa moja kwenye hotpoti kwa mwiko. "Aika mae," alimwambia mama asubuhi kwenye simu, kwa Kichaga chake cha Kinyamwezi. Mama akajibu, "Si mimi niliyepika, mwanangu. Mshukuru huyo."

Kwa hiyo weka mtori wa usiku kwenye hotpoti au chupa ya mdomo mpana, ukiwa wa moto sana. Suuza chombo kwa maji yanayochemka kwanza, joto litakaa zaidi. Kama hautabaki wa moto mpaka usiku, heri kuupasha upya kuliko kuuacha vuguvugu, maana chakula chenye maziwa na nyama huharibika upesi kwa joto la Dar.

Uliobaki upooze upesi kwenye chombo kipana, uingize kwenye friji, uliwe ndani ya siku mbili. Utaukuta umekaza kama keki. Usiogope. Ukate vipande, tia maji ya moto au supu kiasi, washa moto mdogo na ubane tena kwa mwiko. Ninachofanya siku hizi ni kupika supu nyingi Jumamosi na kuigandisha kwenye vikopo, ili siku za kazi nimenye ndizi tu. Ndizi zilizopondwa sigandishi, maana zikiyeyuka hutoa maji na kuwa na mchanga mchanga.

Mama alifika siku ya kumi na tano, baada ya ng'ombe kuzaa ndama jike. Alinawa mikono, akampokea mjukuu, akamtazama mkwe wake mashavu bila kusema kitu. Kisha akaja jikoni na mtoto mkononi, akafunua sufuria, akaonja kwa ncha ya mwiko.

"Umeubana supu, baba."

Akaongeza pawa mbili, akakoroga. Nikachukua karatasi yangu ya kalenda nikaandika pembeni: *pawa mbili zaidi.*